Karatasi za watu wengine: shajara ya maombi ya chuo

1 Agosti 2023

Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi vya Marekani kwa fomu moja, imefunguliwa leo kwa msimu mpya na tayari nina akaunti. Nimeamua kuiendesha kazi hii kama mradi, yaani tarehe, orodha, na daftari hili la kuandika kilichofanyika na kilichokwama. Lengo ni kuanza shahada ya kwanza Marekani mwaka 2024, katika chuo kinachochuja sana, kwa msaada wa fedha unaobeba karibu gharama zote. Bila msaada hakuna mradi.

Orodha ya kwanza ina vyuo 18. Common App inaruhusu 20, kwa hiyo nilijiona mtu wa kiasi. MIT, chuo cha sayansi na teknolojia, ina fomu yake yenyewe nje ya mfumo huo, basi jumla 19.

Ninachokiogopa ni insha, maneno 650 kuhusu mimi mwenyewe. Mengine yote naona ni kujaza nafasi tu.

6 Agosti

Rasimu ya kwanza ya insha imekamilika. Imejaa changamoto, ndoto na kuibadilisha dunia. Nimemsomea dada. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo ni nani?"

Imefutwa.

13 Agosti

Siku tatu nimesoma kurasa za misaada ya fedha badala ya kutazama picha za majengo. Ningeanza hapa tangu siku ya kwanza, nisingeandika ile orodha ya kumi na nane.

Nilichoelewa ni hiki. Mwanafunzi wa nje hapati msaada wa serikali ya Marekani, na ile fomu ya FAFSA inayotajwa kila mahali haimhusu. Kinachobaki ni mfuko wa chuo chenyewe, na hapo ndipo vyuo vinapoachana njia. Kuna vinavyoamua kukuchukua au kukuacha bila kuangalia unahitaji kiasi gani. Hivyo nimevibatiza vipofu wa mfuko. Vingine vinaangalia, na mgeni anayeomba msaada mkubwa anashindania nafasi chache zaidi kuliko anayejilipia. Stanford, pamoja na utajiri wake wote, kwa wageni iko kundi hili la pili.

Vipofu wa mfuko kwa wageni, ambavyo pia vinaahidi kuziba pengo lote la fedha lililothibitishwa, nimehesabu saba: Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Dartmouth na Bowdoin zimeingia mwaka jana tu. Habari njema inaishia hapo, maana upofu wa mfuko hauongezi viti. Harvard na MIT zinachukua chini ya watano katika kila waombaji mia, na kwa wageni mlango wa MIT ni mwembamba zaidi.

Kwa hiyo orodha haiwezi kuwa ya vipofu peke yao. Inahitaji vile vyuo vidogo vya sanaa huria, yaani vya masomo mapana ya shahada ya kwanza, ambavyo havivumi sana, vinavyoangalia mfuko lakini vikikuchukua vinakubeba kweli. Baadhi yao, kama Grinnell na Carleton, havitozi hata ada ya maombi. Vingi vingine vinatoza dola 75 au zaidi, na ukizidisha kwa 19 unaona mwenyewe kwamba mradi ungekufa kabla ya Oktoba. Msamaha wa ada upo, ila shule yako inapaswa kuthibitisha kwamba unauhitaji. Tayari hapo namhitaji mtu mwingine.

Orodha mpya ina tisa: vipofu wanne na wadogo watano. Ningeweza kuongeza, lakini kila chuo kina insha zake za nyongeza, na insha ya kulipua inajulikana kwa mstari wa pili.

Uingereza nimeifikiria mchana mmoja. Kupitia UCAS, mfumo wao wa maombi, unachagua kozi tano tu, huruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge mwaka mmoja, na siku ya mwisho ya hizo mbili ni katikati ya Oktoba. Fedha ndiyo iliyonirudisha, kwa sababu huko kupata nafasi ni shughuli moja na kupata ufadhili ni shughuli nyingine kabisa. Nimefuta.

2 Septemba

Leo nimegundua kwamba mimi ni watu watatu.

Pasipoti ina majina matatu. Vyeti vya shule vina mawili. Akaunti ya SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, niliifungua mwaka jana kwa majina mawili pia, ila si yale mawili ya shule. Siku ya mtihani jina la usajili linatakiwa lifanane na la pasipoti, la sivyo unarudishwa mlangoni. Kosa ni langu mwenyewe, nilijaza haraka nikidhani ni kama kufungua akaunti ya mchezo.

Kulirekebisha kumechukua simu moja ndefu na barua pepe mbili. Kanuni ya mradi kuanzia leo ni kwamba pasipoti ndiyo mfalme. Kila fomu, kila barua, kila akaunti itafuata pasipoti, herufi kwa herufi. Vyeti siwezi kuvibadilisha, kwa hiyo shule itabidi iandike barua ya kuthibitisha kwamba majina haya yote ni ya mtu mmoja.

9 Septemba

Nimekwenda kwa Mwalimu Mkuu. Common App inataka mtu wa shule anayeitwa mshauri: atume nakala ya matokeo, ajaze ripoti ya shule, aandike barua. Shule yetu haina mtu wa cheo hicho, hivyo mzigo unamwangukia yeye. Nilipomaliza kueleza aliniangalia juu ya miwani.

"Kwa hiyo unahama?"

"Hapana mwalimu, sihami. Naomba chuo."

"Mtihani wa mwisho hujafanya."

"Ndiyo, mwalimu. Wanaomba mapema, matokeo yanafuata."

Hilo lilimsumbua zaidi ya yote, kwamba mtu anaweza kupokelewa kabla matokeo ya mwisho hayajatoka. Akaniambia nirudi Jumatatu, nimletee maelezo kwenye karatasi, si kwenye simu.

11 Septemba

Nimempelekea karatasi mbili. Kumbe kinachotakiwa pia ni wasifu wa shule: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, alama zinatolewaje, na alama B kwetu ina uzito gani. Hili la mwisho ni muhimu kuliko linavyoonekana. Msomaji wa udahili aliyezoea shule ambako nusu ya darasa wana A, akiiona B yangu ya kemia bila maelezo, ataniweka pembeni. Akijua kwamba ilikuwa ya pili kwa ukubwa darasani, anaisoma vingine.

Mwalimu Mkuu alilipenda wazo hilo. Akachukua kalamu akaanza kunisimulia historia ya shule tangu kuasisiwa. Nimeandika yote, nitapunguza baadaye.

23 Septemba

Mwalimu wa lugha alihamishwa mwaka jana. Namhitaji, kwa sababu MIT inataka barua mbili, moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi na nyingine ya mwalimu wa lugha au masomo ya jamii. Mfumo ulimtumia kiungo tarehe 10. Hakujibu. Niliona haya kumkumbusha mkubwa wangu, nikangoja. Leo nimepiga simu. Barua pepe hiyo ilikuwa imelala kwenye kikapu cha barua taka kwa karibu wiki mbili, na yeye alikuwa akijiuliza mbona nimekaa kimya.

Haya hiyo imenigharimu siku 13.

8 Oktoba

SAT ilikuwa jana. Sasa ni ya kompyuta tupu, nje ya Marekani tangu Machi mwaka huu: dakika 134, maswali 98, sehemu ya kusoma na kuandika kisha ya hisabati. Kila sehemu ina vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Kipande cha pili cha hisabati kiliponiuma nilifurahi kimoyomoyo, maana ndiyo dalili nzuri. Laptopu ilikuwa ya kaka wa rafiki yangu. Nilikaa na programu ya Bluebook juzi usiku nikahakikisha inafunguka, na bado moyo ulinidunda mlangoni walipolinganisha jina na pasipoti.

Vyuo vingi mwaka huu havilazimishi SAT. MIT inalazimisha, ilirudisha sharti hilo mwaka 2022. Hata kusingekuwa na sharti ningefanya, kwa sababu shule yangu haijulikani na mtu yeyote huko, na namba hiyo ni kitu kimoja wanachokijua.

14 Oktoba

Siku ndefu, na ya maana kuliko nilivyotarajia.

Mwalimu wa fizikia aliniita ofisini. "Njoo uone kama nimeandika vizuri." Nikamwambia siwezi kuiona, nimetia saini kwenye fomu kwamba naacha haki yangu ya kusoma barua hizi, maana barua ambayo mwanafunzi hawezi kuisoma inaaminiwa zaidi. Alicheka. "Haya, usisome. Nikusomee?"

Kabla sijajibu alikwisha maliza, kwa sababu ilikuwa mistari mitatu. Mtii, mwenye nidhamu, mchapakazi, anampendekeza bila shaka. Kwa barua ya shule ya kawaida hayo ni maneno ya heshima kubwa. Kwa chuo kinachosoma maelfu ya barua, ni sawa na ukurasa mtupu, na kumwambia hivyo mwalimu wangu ni jambo ambalo sikulelewa kulifanya.

Kwa hiyo nilizunguka. Nikamwambia kwamba wale watu hawanijui kabisa, hawajui hata darasa letu linafananaje, wanachoomba ni kisa kimoja kilichotokea mbele ya macho yake. Akafikiri. Kisha akasema, "Ile ya jibu la nyuma ya kitabu je?"

Nilikuwa nimeisahau. Kidato cha tatu nilikokotoa swali la mzunguko wa umeme, jibu langu likakataa kufanana na lile la nyuma ya kitabu. Wiki tatu nililirudia nikiamini nakosea mimi. Mwishowe nilimpelekea daftari kumwomba anionyeshe nilipopotea, na yeye akakaa nalo kipindi kizima, akasimama, akasema kitabu ndicho kilichokosea. Nilichokuwa nakikumbuka mimi ni aibu ya zile wiki tatu. Alichokumbuka yeye ni kwamba nilikokotoa kwa njia tano tofauti.

Barua ameiandika upya, sijaisoma. Insha yangu imepatikana leo, na wala haikutoka kichwani mwangu.

1 Novemba

Tarehe ya maombi ya mapema ya MIT na ya vyuo vingine kadhaa imepita. Sikutuma. SAT imetoka vizuri, barua zipo, ila hesabu za fedha hazijaguswa. Yale ina njia ya mapema isiyokufunga lakini inayokuzuia kuomba mapema kwingi kwingine. Vyuo vidogo vina ile ya kujifunga, ukichukuliwa unakwenda. Hiyo ya pili wanasema inasaidia, na naamini inasaidia. Lakini kujifunga kabla hujajua nyumbani watatakiwa kulipa kiasi gani ni ujasiri nisiokuwa nao.

12 Novemba

CSS Profile. Hii ndiyo fomu ya fedha inayotumiwa na vyuo vingi vya aina hii. Inauliza mapato ya mwaka, akiba, madeni, thamani ya nyumba, watu wangapi wanalelewa, wangapi wako shuleni. Angalau inakubali kujazwa kwa fedha ya nchi yako. Yenyewe ina ada, dola 25 chuo cha kwanza na 16 kila kinachofuata, na mgeni anayetaka msamaha anaomba chuo kimoja kimoja. Nimeandika barua pepe tisa, majibu sita mpaka sasa, yote mazuri.

Fomu si tatizo. Tatizo ni kwamba majibu yake yote yako kwa Mama.

Nilimwambia jioni, wadogo zangu walipolala. Nikasema, Mama, wanataka kujua unapata kiasi gani kwa mwaka. Aliendelea kukunja nguo.

"Wanataka kujua nani?"

"Chuo."

"Hata baba yako sikuwahi kumwambia."

Mama hana hati ya mshahara kwa sababu hana mwajiri. Anauza, ananunua, anakopesha, anadai. Kuna mwezi mzuri na mwezi wa kufunga mkanda. Fomu inataka namba moja. Nilianza kueleza habari ya uthibitisho na mapengo, akanikata: "Nikisema kidogo watasema tunadanganya, nikisema nyingi watatunyima. Wewe unataka ipi?" Nikasema ya kweli. Akakunja nguo mbili zaidi kabla hajaniambia nikapumzike.

19 Novemba

Asubuhi iliyofuata mazungumzo yale nilikuta madaftari manne ya Mama mezani. Hakusema kitu.

Wiki nzima nimejumlisha. Mauzo upande mmoja, manunuzi upande wa pili, na katikati madeni ambayo hayatalipwa na sote tunajua. Kuna majina ya watu ninaowasalimia kila siku ambayo sikujua yamo humo. Kuna mwezi mmoja ambao faida yote ni ada yangu ya shule, imeandikwa kwa kalamu nyekundu, kisha mstari. Sikuuliza.

Namba imepatikana. Nimeandika barua ya ukurasa mmoja ya kueleza imepatikanaje, Mama ameisikiliza nikimtafsiria, akarekebisha mahali pawili, akatia saini. Kurasa za madaftari nimezipiga picha na kuzitafsiri, kama vyuo vilivyoelekeza.

Mwezi Agosti niliandika hapa kwamba mengine yote ni kujaza nafasi.

3 Desemba

Orodha ya shughuli. Nafasi kumi, herufi 150 kila moja pamoja na nafasi tupu. Nilikuwa na sita na nikawa natafuta za kubandika. Dada akauliza mbona sijaandika kulea wadogo. Nikamjibu hiyo si shughuli. Kwenye menyu ya Common App ipo, majukumu ya familia, ina kundi lake. Saa 14 kwa wiki. Ndiyo ndefu kuliko zote nilizoandika.

Fomu ya MIT inataka nne tu. Naipenda zaidi.

10 Desemba

Mtihani wa Kiingereza nimefanyia nyumbani, Duolingo English Test, saa moja mbele ya kamera. Mtu mwingine akionekana chumbani matokeo yanaweza kukataliwa. Mdogo wangu wa mwisho nilimhonga ili asifungue mlango. Hakufungua. Aliimba nje ya mlango saa nzima. Matokeo yamekubaliwa, 125 kati ya 160, yanatosha.

Na kuna jamaa amenipigia akisema ana njia ya kunihakikishia nafasi kwa malipo. Nilimuuliza chuo gani. Akasema chochote nitakacho. Nikakata.

2 Januari 2024

Maombi yote tisa yametumwa. La mwisho saa nane usiku, intaneti ikikatika kila dakika tano.

17 Februari

Nilidhani ni mwezi wa kupumzika. Nimetuma alama za muhula wa kwanza, fomu ya MIT ya Februari imejazwa. Usaili wa MIT haukupatikana mtu wa kunifanyia. Wanasema kuukosa hakumdhuru mwombaji, nami nimechagua kuamini. Chuo kidogo kimoja kilinifanyia kwa video. Msailiwa alikuwa mimi, lakini dakika ishirini tulizungumzia jibu la nyuma ya kitabu, kwa sababu aliyenisaili ni mhandisi na alitaka kulikokotoa mwenyewe.

Chuo kingine kinasema hakijapokea nakala yangu ya matokeo. Shule ilituma Desemba. Nimeandika, wamejibu baada ya siku nne: wanayo, ilikuwa chini ya jina jingine. Majina mawili badala ya matatu. Barua ya Mwalimu Mkuu ya kuthibitisha jina ilikuwa ukurasa wa mwisho wa faili lilelile.

15 Machi

MIT hutoa majibu tarehe 14 Machi, kwa kuwa kwa mpangilio wa Kimarekani tarehe hiyo ni 3/14, mwanzo wa pai (3.14, ile namba ya duara), na saa yao ni 12:28 jioni, ambayo wao huiandika 6:28, yaani pai mara mbili. Kwetu ulikuwa usiku wa manane. Hapana. Barua fupi, ya upole. Nimelala.

29 Machi

Majibu yote yamefika. Hapana sita. Orodha ya kusubiri mbili. Ndiyo moja.

Ndiyo imetoka kwenye chuo kidogo kinachoangalia mfuko, na ni kile kile cha yule mhandisi aliyenisaili kwa video. Sitakiandika jina humu mpaka viza itoke. Sijui hasa kwa nini, nahisi tu hivyo.

Barua ya msaada ilikuja siku moja na barua ya kukubaliwa. Ada, chumba na chakula wanabeba wao, kuna kazi ndogo ndani ya chuo, na chini kabisa mstari mmoja: kiasi kinachotarajiwa kutoka kwa familia kwa mwaka. Nimemsomea Mama. Aliomba nirudie ile namba, kisha akanyamaza, akihesabu kwa vidole chini ya kanga.

"Hiyo wameitoa kwenye madaftari yangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi wamesoma," akasema. "Hiyo naiweza."

30 Aprili

Nimethibitisha nafasi, siku moja kabla ya mwisho. Zile orodha mbili za kusubiri nimejitoa.

Mwalimu wa fizikia nimempelekea habari ana kwa ana. Alitaka kujua ni barua ipi ilitumwa, ya mistari mitatu au ile nyingine. Nikamkumbusha kwamba mimi sijasoma hata moja.

18 Mei

Fomu I-20, hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi, imefika. Sasa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kumbukumbu za wanafunzi wa nje, dola 350, kisha DS-160, fomu ya maombi ya viza, kisha ada ya viza dola 185 isiyorudishwa hata ukinyimwa, kisha miadi. Dola za SEVIS zinatoka kwa baba mdogo, ambaye amesema si mkopo na nisimwambie mke wake.

Kabla ya yote nimechukua pasipoti nikaiweka kando ya I-20, nikapitisha kidole. Majina matatu, mpangilio ule ule. Dada amerudia kuhakiki. Mama naye ameomba aone.